Mdudu Asiye na Jina ni Mtaji wa Mpiga Ramli

Simu yangu imejaa picha za viumbe ambazo sikuzipiga mimi. Nimetumiwa na ndugu, marafiki na wasomaji: nyingine zimetoka Somanda hapa mjini Bariadi, mkoani Simiyu, nyingine Dutwa, nyingine Lamadi kule kando ya ziwa. Chini ya karibu kila picha kuna swali moja: “Mdudu gani huyu?” Na karibu kila picha ina kitu kingine ambacho mtumaji hakukusudia nikione. Pembeni ya kiumbe kuna fimbo, au ncha ya jembe, au ndala iliyovuliwa mguuni kwa haraka. Swali limeulizwa baada ya hukumu kutekelezwa.

Mwaka huu, siku zile pamba inatolewa majumbani kupelekwa AMCOS, yaani chama cha ushirika, nilibahatika kufika kabla ya fimbo. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima ambaye mtaa mzima tunamwita mayu, alikuwa anahamisha magunia yaliyokaa kwenye kona ya chumba tangu mavuno. Gunia moja lilipoinuliwa, kikatokeza kitu chenye urefu wa kiganja, rangi ya shaba, kinang'aa kana kwamba kimepakwa mafuta, kinajipindapinda sakafuni. Mayu aliruka nyuma. “Nzoka!” Mjukuu wake wa kidato cha tatu akainama na tochi ya simu. “Si nyoka, bibi. Ana miguu. Huyu ni salamanda, tumemsoma.”

Mtoto yule nilimpenda kwa sababu aliinama kutazama. Lakini hakuna salamanda Bariadi. Hakuna wa asili Tanzania nzima, wala popote kusini mwa Jangwa la Sahara. Afrika inao kule juu tu, Moroko, Algeria na Tunisia, na walio wengi zaidi duniani wako Amerika, Ulaya na Asia. Kilichokuwa sakafuni kwa mayu ni mjusi. Bibi alimwita nyoka kwa woga, mjukuu akamwita salamanda kwa kitabu, na mjusi mwenyewe, aliyezaliwa hapa kama babu zake wote, alibaki bila jina.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kutojua majina ya viumbe tunaolala nao chumba kimoja si jambo dogo la kuwaachia wenye shahada. Linatugharimu mbuzi, dengu na amani ya ndoa, na hapa kwetu Kanda ya Ziwa limewahi kugharimu maisha ya watu.

Anayebeba jina la Mswidi

Nianze na yule wa kwenye magunia, maana anastahili kujulikana. Ni mjusi mwenye magamba laini yaliyobanana hadi mwili unaonekana kama kioo. Miguu yake ni mifupi mno, kama vile ilisahaulika ikaongezwa mwishoni, na akiwa na haraka huibana ubavuni akaenda kwa kujinyonganyonga. Ndiyo maana jicho la kwanza linasema nyoka. Maisha yake ni chini ya vitu: chini ya gogo, chini ya jiwe, ndani ya udongo tifutifu, chini ya gunia lililokaa muda mrefu. Chakula chake ni wadudu, mchwa wakiwemo. Hana sumu.

Kwa wanasayansi anabeba jina la Sundevall, mtaalamu wa wanyama wa Sweden wa karne ya 19. Sina ugomvi na Mswidi huyo. Ninachouliza ni hiki: sisi tunaokutana na mjusi huyu kila tunapohamisha magunia tunamwitaje? Wengi husema mjusi tu. Wengine humwita guruguru, ingawa guruguru tunayemjua ni mkubwa mara nyingi zaidi, yule mchimba mashimo. Wengi zaidi husema mdudu.

Neno hili “mdudu” limetupumbaza. Nyoka ni mdudu, mjusi ni mdudu, tandu ni mdudu, hata maradhi tukiogopa kuyataja tunasema mtu ana mdudu. Na haya yanasemwa na watu ambao mahali pengine hawana uvivu wa majina! Mswahili anatofautisha mchwa na kumbikumbi, ingawa ni wa kichuguu kimoja, kwa sababu mmoja anakula nyumba na mwingine analiwa. Mfugaji wa Kisukuma anamjua ng'ombe wake kwa rangi, kwa mabaka na kwa mkao wa pembe. Macho tunayo, basi. Tumeyafumba tu kwa viumbe ambavyo hatuvili wala hatuvikamui maziwa.

Nilichuchumaa pamoja na yule kijana tukamtazama mjusi wetu vizuri. Nilimwonyesha ninayoyajua. Salamanda ni ndugu wa chura: ngozi yake haina magamba, huwa na unyevu, na vidole vyake havina kucha. Kwa kawaida mkono wake una vidole vinne. Hana tundu la sikio. Mjusi ana magamba makavu, ana kucha, ana vidole vitano mbele, na nyuma ya taya utaona kitundu cha sikio. Kijana akasogeza tochi. Akahesabu kwa sauti hadi tano. Kisha akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba daftari lake limemdanganya, nami nikamwambia daftari halikumdanganya, limemletea tu mfano wa nchi za watu.

Hapo ndipo ninapokereka. Mtoto wa Simiyu anafundishwa kundi la amfibia kwa mfano wa mnyama ambaye hatamwona maisha yake yote akiishi hapa, huku Tanzania ikiwa na maajabu yake ya kundi hilohilo. Kuna chura wa Kihansi, mdogo sana, asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye maporomoko ya Mto Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji na mvuke wa maporomoko, alianza kutoweka. Mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa kwenda Marekani kutunzwa, mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 kizazi cha wale waliosafirishwa kikarudishwa Kihansi. Hadithi kama hiyo mtoto akiisikia darasani hatasahau amfibia ni nini. Na angalieni: kama chura yule asingekuwa ameshapewa jina kabla maji hayajapungua, nani angejua kwamba kuna kitu cha kuokoa?

Hofu ina soko

Sasa nije kwenye linaloninyima usingizi.

Familia moja ninayoifahamu, si mbali na mjini, ilikuta kiumbe cha ajabu chini ya kitanda cha mtoto. Mtoto alikuwa na homa wiki hiyo. Kiumbe kiliuawa, lakini mkia ukakatika na kuendelea kurukaruka peke yake sakafuni. Basi! Mkia unaocheza bila mwili, mtoto mwenye homa, na mdudu ambaye hakuna mtu kijijini aliyeweza kumtaja jina. Baba akauza mbuzi, akaenda kwa mtaalamu wa kienyeji kuuliza nani amemtuma. Jibu lilikuja na jina, na jina lilikuwa la mwanamke mzee wa familia hiyohiyo, upande wa baba. Mtoto alipopelekwa kupimwa siku tatu baadaye alikutwa na malaria. Akatibiwa, akapona. Yule mama mzee hadi leo haingii ule mji.

Mkia wa mjusi kukatika na kucheza ni kinga yake ya kawaida kabisa. Adui anabaki anahangaika na mkia, mwenyewe anakimbia, na baada ya muda huota mwingine, mfupi kidogo na wa rangi tofauti. Kila mtoto aliyewahi kumkimbiza mjusi kafiri ukutani ameshaliona hilo. Lakini mjusi kafiri ana jina, ndiyo maana mkia wake hautishi. Mkia uleule ukitoka kwa mnyama asiye na jina unageuka ushahidi mahakamani, na mahakama yenyewe ni ya mpiga ramli.

Msomaji anaweza kuniona nakuza jambo. Namwomba akumbuke tulikotoka. Mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Simiyu ambayo hadi mwaka 2012 sehemu yake kubwa ilikuwa ndani ya Shinyanga, imewazika bibi wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, ambayo kwa mtu aliyepika miaka arobaini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha ni jambo la kutarajiwa. Mwezi Januari 2015 Serikali, kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Mathias Chikawe, ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, kufuatia mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Marufuku ilikuwa sahihi. Lakini marufuku inamkamata muuzaji. Mnunuzi anabaki nyumbani na hofu yake. Na hofu inaanza na nini? Mara nyingi inaanza na kitu kidogo kilichoonekana mahali pasipotarajiwa: bundi juu ya paa, kinyonga mlangoni, mjusi wa shaba chini ya kitanda. Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Katika giza hilo mwenye taa ya uongo hulipwa vizuri.

Asiyemjua mjusi hamjui nyoka

Kuna wanaonijibu kwamba kuua tu kila kitu ndiyo usalama. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Simiyu kweli ina nyoka wa kuogopwa. Kuna kifutu, mnene, mvivu, anayelala njiani na hakimbii hata akisikia hatua za mtu. Kuna swila anayetema sumu machoni. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na waathirika wakubwa ni watu kama sisi: wakulima, wachungaji, watoto wanaotembea peku.

Hiyo ndiyo sababu hasa ya kujifunza. Anayeona kila kitu ni nyoka hamjui nyoka hata mmoja. Anapoteza nguvu kumpiga mjusi, kesho anaokota kifutu akidhani ni kipande cha kamba. Kanuni ya nyumbani ni fupi: ukiona miguu, hata iwe midogo kama punje za mchele, huyo ni mjusi, na katika nchi yetu hakuna mjusi wa kuua mtu kwa sumu. Usipoona miguu, rudi nyuma, usimguse, waondoe watoto, umpe nafasi ya kuondoka. Na mtu akiumwa, asichanjwe wala asifungwe kamba ya kubana. Atulizwe na apelekwe hospitali haraka, mganga asubiri.

Kisha kuna upande wa faida, ambao hatuuhesabu kwa kuwa hautoi risiti. Mjusi kafiri anakaa karibu na taa usiku kucha akila mbu, nondo na mende wadogo. Hana kope, jicho lake analisafisha kwa ulimi. Anatembea darini kichwa chini kwa sababu nyayo zake zina vinyweleo vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinavyoshika ukuta bila gundi. Wazee wa pwani husimulia alivyopuliza moto aliochomewa Nabii Ibrahimu, na jina lake likachafuka kwa hilo. Mila za watu naziheshimu. Mimi kwangu, hata hivyo, taa ya barazani ina mijusi watatu na hawabughudhiwi.

Shambani ni vivyo hivyo. Mkulima wa pamba wa Itilima au Maswa ananunua viuadudu kwa fedha ya kukopa, anapuliza dhidi ya funza wa vitumba na chawajani, na dawa hiyo haibagui. Inaua wanaokula pamba na wanaowala wanaokula pamba. Sisemi mjusi atachukua nafasi ya bomba la kupulizia, hawezi. Lakini maafisa ugani wanapotufundisha wadudu rafiki na wadudu waharibifu, wangetuongezea dakika kumi za mjusi, chura na kinyonga, tungeacha angalau kuwaua kwa mkono wale ambao dawa imewabakiza.

Picha ya Lamadi

Picha moja ilinisumbua zaidi ya zote. Mvuvi kijana wa Lamadi alinitumia kiumbe kidogo kama kidole, mwili mrefu, na pembeni mwa kichwa kina matamvua yaliyochomoza nje kama manyoya. Aliandika: “Kaka, hiki ni samaki au mjusi wa majini?” Kwa sura, nakiri, hakuna kilichowahi kufanana na mtoto wa salamanda zaidi ya hicho. Nilikitazama siku nzima kabla ya kumjibu: ni mtoto wa kamongo.

Kamongo! Yule yule anayeuzwa vipande vya kukaanga. Ni samaki mwenye mapafu, anayepanda juu kuvuta hewa na anayeweza kujizika topeni maji yakikauka. Anapototolewa huwa na matamvua ya nje, na baba yake ndiye hulinda kiota. Kijana wangu hakuwa wa kwanza kuchanganyikiwa. Ndugu wa kamongo wa Amerika Kusini alipoelezwa kitaalamu mwaka 1837 na Fitzinger wa Austria, hakuhesabiwa kuwa samaki. Alipewa jina lenye maana ya kiumbe mfano wa salamanda mwenye magamba. Kama msomi wa Ulaya mwenye maktaba alikosea hivyo, mvuvi wa Lamadi asione haya kuuliza. Nilichompongeza ni kwamba aliuliza kiumbe kikiwa hai, ndani ya ndoo ya maji.

Walijua waliotutangulia

Usukumani hapajawahi kuwa nchi ya watu wanaoogopa kila kinachotambaa. Tulikuwa na Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, waliowashika chatu na nyoka wenye sumu, wakajua dawa za sumu yao, wakafundishana kwa utaratibu na kwa kiapo. Hadi leo nyoka hao huchezwa kwenye ngoma za Bulabo pale Bujora, karibu na Kisesa, mahali ambapo padri David Clement kutoka Kanada alisaidia kujenga makumbusho ya Wasukuma. Watazamaji hupiga kelele na kupiga picha. Wachache hukumbuka kwamba nyuma ya ngoma ile kulikuwa na shule. Nani leo anamrithi mzee wa Bayeye maarifa yake ya shambani, mbali na mchezo wa jukwaani? Vijana wake wana pikipiki na simu. Majina ya nyoka yanakwenda kaburini.

Wakati huohuo, walio mbali wanayajua majina ya wanyama wetu vizuri sana, na bei zao. Katika msitu wa Kimboza mkoani Morogoro kuna mjusi mdogo wa buluu inayowaka, anayeishi kwenye mikadi. Wafugaji wa wanyama wa mapambo wa Ulaya walimpenda, wakamlipia, na hapa nyumbani mikadi ikakatwa ili kumfikia. Hadi mwaka 2016, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ulipompa ulinzi wa juu kabisa, alikuwa ameshafikishwa ukingoni. Mwaka huohuo Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Nani aliyefaidika kabla ya hapo? Mwenye jina na bei. Aliyepanda mtini kumkamata alilipwa kidogo, na hakujua ameshika nini.

Tazama pia mjusi wa mawe wa kwetu, dume lenye kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu, ambalo watoto hulirushia mawe likijiinua na kujishusha juu ya jabali. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyetumikia Tanganyika, alimweleza mwaka 1923 na kumpa jina la Mwanza. Jina la mji wa jirani zetu liko katika vitabu vya dunia nzima, na watalii Serengeti husimamisha gari kumpiga picha. Ni nyumbani kwake tu anakopigwa jiwe.

Kitabu kizuri kipo. Mwaka 2002 Stephen Spawls, Kim Howell aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzao walitoa mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki wenye spishi zaidi ya 400 na picha zake. Kiko kwa Kiingereza. Nimekihangaikia, nakithamini, na kila ninapokifungua najiuliza ni lini nitashika kijitabu chembamba cha Kiswahili, cha bei ya kilo mbili za sukari, chenye mijusi ishirini na nyoka ishirini wa Simiyu. Walimu wa baiolojia mnaosoma hapa, msisubiri mtaala. Wapeni wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja alete picha ya mjusi mmoja aliye hai, na jina analoitwa na bibi yake. Majina ya mabibi yataisha kabla ya mijusi.

Siku ile ya magunia, tulipomaliza kuhesabu vidole, mayu alikuwa bado amesimama mlangoni na ufagio. Mjukuu akamweleza taratibu kwa Kisukuma: magamba, kucha, sikio, mchwa anaowala. Mayu akasikiliza hadi mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama kweli anakula mchwa, akaelekeza kidole kwenye mguu wa kitanda uliotafunwa. Mjusi naye alikuwa ameshateleza chini ya gunia lililobaki, mkia mzima.

“Hilo liacheni,” mayu akasema. “Litaondoka kesho.”